Ndege Huja na Jua

Ujumbe wa sauti wa shangazi uliingia saa nne asubuhi tukiwa Nzuguni tunapima viwanja. Ilikuwa Februari 2025, lile jua la Dodoma la katikati ya mvua mbili, linalochoma utosi huku matope bado yameng'ang'ania viatu. Nikamwambia kijana anayenishikia prizimu, kile kioo cha kulengea mashine, apumzike, nikasogea kwenye kivuli cha mgunga, simu sikioni.

"Mwanangu, umeamkaje. Nasikia kuna jiwe linatoka huko juu, mwaka 2032, tarehe 22 mwezi wa kumi na mbili. Wanasema njia yake inapita Afrika. Sasa nakuuliza wewe uliyesoma: kile kiwanja changu cha Iyumbu niendelee na msingi, au niuze mapema kabla watu hawajajua?"

Nilicheka mpaka kijana akageuka kuniangalia. Hasa lile la "kabla watu hawajajua." Shangazi amefanya biashara ya zabibu miaka mingi, hafundishwi lini bei inashuka. Lakini usiku ule nilipokaa kutafuta la kumjibu, nikakuta hajakosea kitu. Jiwe lilikuwepo kweli, jina lake 2024 YR4. Tarehe ndiyo hiyo hiyo. Na ukanda wa mahali ambapo lingeweza kuangukia ulianzia Pasifiki, ukapita kaskazini ya Amerika ya Kusini, ukavuka Atlantiki, ukaikata Afrika kwenye nchi kama Nigeria, Sudani na Ethiopia, ukaenda kuishia Asia ya Kusini. Tanzania haikuwemo. Nilipomwambia hivyo hakuridhika.

"Ethiopia si mbali," akasema.

Ni kweli, si mbali.

Tarehe 18 Februari uwezekano wa jiwe lile kuipiga Dunia ulifika asilimia 3.1, yaani nafasi moja kati ya 32. Asteroidi, yaani jiwe la angani, ya ukubwa ule haikuwahi kupewa namba kubwa kiasi hicho. Kilichowatisha watu zaidi ni kwamba namba ilikuwa inapanda. Mwishoni mwa Januari ilikuwa juu kidogo ya asilimia 1, ikaenda 2, ikafika 3, mtu ukahisi jiwe limekata kona linatufuata. Halafu ndani ya wiki moja hivi namba ikaporomoka, ikawa kama hakuna kitu. Bodaboda wa pale kijiweni kwetu akatoa hukumu yake: "Hawa jamaa wanabahatisha tu, kaka."

Hawakubahatisha. Kazi yangu ni kupima, na nilipoisoma habari ile niliitambua kama mtu anavyotambua kidonda chake mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisimamisha mashine juu ya bikoni moja, alama ya mpaka wa kiwanja, nikalenga bikoni ya nyuma iliyokuwa mita 12 tu. Ile ya mbali ilikuwa imezibwa na kichaka na mimi nilikuwa mvivu wa kwenda na panga. Kutoka hapo nikatoa mstari wa mita 400. Kosa la sentimita moja pale nyuma likazaa kosa la sentimita zaidi ya 30 kule mbele, na sentimita hizo zikaangukia ndani ya uzio wa jirani mmoja, mstaafu, mtu mwenye muda wote wa duniani wa kuhudhuria baraza la kata. Nilirudia kazi ile kwa pesa yangu, mafuta ya gari juu yangu, na chai ya vijana juu yangu.

Siku za mwanzo za kuliangalia jiwe jipya ni ile mita 12 yangu. Umeona kipande kifupi cha njia yake, na unatakiwa useme litakuwa wapi baada ya miaka karibu minane. Huwezi kupata nukta. Unapata mkanda mrefu, na mahali fulani ndani ya mkanda huo imo Dunia. Kila usiku unaoongeza vipimo, mkanda unafupika. Sasa, mkanda ukifupika huku Dunia bado imo ndani, Dunia inachukua sehemu kubwa zaidi ya kilichobaki, na namba inapanda. Jiwe halijabadili nia.

Kwa shangazi nililisema kwa mbuzi.

"Shangazi, mbuzi wako kapotea. Kuna vijiji kumi anavyoweza kuwa, na cha kwetu ni kimojawapo. Umepiga simu vijiji vitatu, hayupo. Sasa kwetu ni kimoja kati ya saba. Umepiga vingine vitatu, hayupo. Kwetu ni kimoja kati ya vinne. Unaona tunavyozidi kushukiwa? Na mbuzi hajasogea hata hatua. Mpaka mtu wa kijiji cha saba anakwambia, mama, njoo umchukue, kafungwa hapa kwangu."

"Kwa hiyo mbuzi hayuko kwetu."

"Hayuko kwetu."

"Basi mafundi waendelee."

Yeye yake yaliishia hapo. Mimi ndiye niliyebaki na jambo, kwa sababu katika kusoma nilikuwa nimekutana na tarehe mbili ambazo shangazi hakuziuliza. 2024 YR4 iligunduliwa na darubini moja ya Chile tarehe 27 Desemba 2024. Lakini ilikuwa imeshatupita siku ya Krismasi, umbali wa kilomita kama 829,000, mara mbili na kidogo ya umbali wa Mwezi. Yaani walioiona waliiona mgongo. Ilikuja kutoka upande wa Jua, ambako darubini ya ardhini haiwezi kutazama, ikapita, na ilipokuwa inaondoka ndipo mtu akasema: kile nini?

Nikamkumbuka bibi.

Nimekulia kwake, kijiji kimoja wilayani Bahi. Kuanzia Machi, uwele ukianza kutia maziwa, kazi ya watoto ilikuwa kuamia ndege. Asiyewajua kwelea kwelea anaweza kuona ni mchezo. Ni ndege mdogo kuliko kiganja, lakini hawaji mmoja mmoja. Wanakuja kama moshi uliopata akili, na wakitua kwenye shamba la ekari moja, ukija kuwafukuza unakuta masuke yamebaki vijiti. Nilikaa juu ya dungu na debe, fimbo ya kugongea, na kombeo lenye mabonge ya udongo. Asubuhi nilifanya kazi vizuri. Jioni nilishindwa. Jioni walikuja kutoka magharibi, jua likiwa nyuma yao, na mimi nikitazama huko naona weupe mtupu na machozi. Nilikuwa nawasikia kabla sijawaona, na ukishamsikia kwelea umechelewa.

Bibi alinitazama siku mbili, hakunichapa. Siku ya tatu akaniambia, "Mume wangu, ndege haji unakotazama. Anakuja na jua." Akamwita mjomba, wakaling'oa dungu, wakalipeleka mbele, nje kabisa ya shamba, upande wa magharibi. Wakafunga mkeka mkuukuu upande wa jua. Akanionyesha nikae nyuma ya mkeka na kutazama pembeni mwake, kushoto na kulia, nisilitazame jua lenyewe. Kutoka pale niliwaona ndege wakipita ubavuni kwangu wakiwa bado wanaelekea shambani, na nikawa na muda wa kupiga debe. Nilikuwa na miaka tisa. Sikuona ajabu yoyote.

Chelyabinsk, Urusi, hakukuwa na mkeka. Tarehe 15 Februari 2013, saa tatu na dakika 20 asubuhi ya huko, jiwe la mita kama 20 liliingia hewani kwa mwendo wa kilomita 19 hivi kwa sekunde likapasuka angani. Hakuna darubini yoyote iliyokuwa imeliona kabla, maana lilitoka upande wa Jua. Watu waliona mwanga mkali kuliko jua, wakafanya ambalo mimi na wewe tungefanya: walikwenda dirishani kuangalia. Mwanga hufika papo hapo, lakini kishindo husafiri taratibu. Kilifika dakika mbili hivi baadaye, na vioo vikawakuta watu wameviegemeza nyuso. Waliojeruhiwa walikuwa kama 1,500. Mwalimu mmoja aliwaamuru wanafunzi wake waingie chini ya madawati; yeye alikatwa na vioo, watoto wakatoka salama.

(Tangu nisome hilo nayaangalia kwa jicho jingine haya madirisha makubwa ya aluminiamu tunayoshindana kuweka Kisasa na Iyumbu. Tembe ya bibi ilikuwa na vitundu viwili vya kupitisha moshi. Sisemi turudi huko. Paa lile la udongo nalo lina habari zake.)

Tatizo la Jua si la kununua darubini kubwa zaidi. Ukiwa ardhini, mchana anga lote limewaka, na usiku unatazama upande wa mgongo wa Dunia. Unachoweza ni kuchungulia kidogo jioni na alfajiri karibu na upeo, kupitia hewa nzito. Ndiyo maana watu wa kazi hii wanataka dungu lihamishwe. NASA inaijenga darubini inayoitwa NEO Surveyor, itakayokaa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, mbele yetu kuelekea Jua, mahali ambapo mvutano wa Jua na wa Dunia vinakubaliana kiasi kwamba chombo kinaweza kutembea sambamba nasi mwaka mzima. Ina kikinga jua kikubwa, na itatazama pembeni mwake, ikisogeza jicho kuelekea Jua hadi pembe ya nyuzi 45. Nilipoiona picha ya kile kikinga nilisema kwa sauti, peke yangu, ofisini, "Mkeka."

Kioo chake si kikubwa. Kina kipenyo cha sentimita 50, sinia la pilau la harusi linakishinda. Nguvu yake iko kwenye aina ya mwanga inaoutazama, na hapa Dodoma hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hilo. Panda kilima cha Ntyuka saa moja na nusu jioni, giza limeingia, uegemeze mgongo kwenye mwamba. Mwamba huuoni vizuri, lakini mgongo unajua upo, kwa sababu unarudisha jua lote uliloliweka tangu asubuhi. Asteroidi nazo ndivyo zilivyo. Nyingi ni nyeusi kama mkaa, katika kila sehemu mia za mwanga zinazozipiga zinarudisha chache tu. Kwa jicho ni kutafuta kipande cha mkaa kwenye chumba chenye giza. Lakini zimeota Jua, zina joto, na joto lile linatoka kama mwanga wa infraredi ambao jicho halioni ila chombo kilichopozwa sana kinauona. Hewa ya Dunia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, na hewa yenyewe ina joto lake linaloufunika. Kwa hiyo lazima utoke nje.

Na joto halidanganyi kuhusu ukubwa kama mwanga wa kawaida unavyodanganya. Ukiona nukta angani kwa mwanga wa kawaida, inaweza kuwa jiwe dogo jeupe au jiwe kubwa jeusi, yote mawili yanang'aa sawa. Ndiyo maana 2024 YR4 mwanzoni ilitajwa kuwa kati ya mita 40 na 90. Msomaji anaona tofauti ndogo, lakini piga hesabu ya ujazo: la mita 90 lina mwamba mara 11 ya la mita 40. Machi 2025 darubini ya James Webb, ambayo nayo iko huko nje kilomita milioni 1.5 ila upande wa pili, mbali na Jua, ililipima kwa joto lake ikapata mita 60 hivi. Zaidi kidogo ya nusu ya uwanja wa Jamhuri, goli hadi goli. Dunia ilikuwa imeshatoka kwenye mkanda. Hesabu za mwaka ule zikauacha Mwezi ndani kwa asilimia kama 4. Shangazi sikumweleza hilo. Angeuliza kama Mwezi ni mbali.

Webb haikujengwa kwa kazi hii, iliazimwa. Iliyokuwa mlinzi hasa wa infraredi ni darubini ya angani iitwayo WISE, na hadithi yake naipenda kwa sababu inafanana na magari yetu. Ilirushwa Desemba 2009 kupiga ramani ya anga lote, ikiwa na haidrojeni iliyogandishwa ya kuipoza. Haidrojeni ikaisha 2010. Februari 2011 wakaizima, wakaiacha izunguke Dunia imelala. Mwaka 2013 wakaiwasha tena, ikaitika, wakaipa jina la NEOWISE na kazi mpya ya kutafuta mawe yanayotukaribia, kwa macho yale mawili kati ya manne yaliyoweza kufanya kazi bila haidrojeni. Ikaendelea hadi Agosti 2024. Iliona asteroidi na nyotamkia zaidi ya 3,000 zinazopita jirani na Dunia, zaidi ya 200 kati yake ikiwa ya kwanza kuziona. Mwanzoni mwa Novemba 2024 ikaungua ilipoingia hewani, wiki saba hivi kabla ya Krismasi ile ya YR4. Si kwamba ingetuokoa: yenyewe ilitazama ubavuni, pembe mraba na Jua, na jiwe lilikuja na Jua.

Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 2005 iliyoiagiza NASA ipate asilimia 90 ya mawe ya mita 140 na kuendelea yanayotukaribia, ifikapo 2020. Mwaka 2020 ulifika ukapita. Mawe hayo yanakadiriwa kuwa 25,000 hivi, na hata nusu hayajapatikana. Yale makubwa kabisa, ya kilomita moja na zaidi, karibu yote yanajulikana na hakuna linalotujia kwa miaka mia ijayo. Hayo yalikuwa rahisi. NEO Surveyor yenyewe imewekewa mwisho wa kurushwa Juni 2028. Nilikuwa nimezoea kudhani mradi kupitwa na tarehe ni ugonjwa wetu sisi.

Jiwe la mita 140 si la kumaliza dunia. Ni la kumaliza mkoa.

Kuna mfano mmoja wa Afrika unaonipa raha kuliko yote, wa Sudani. Tarehe 6 Oktoba 2008 mtazamaji mmoja wa Arizona aliona jiwe la mita 4 tu. Ndani ya saa chache hesabu zikasema litaanguka kesho, kaskazini ya Sudani, jangwani. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya binadamu kimondo kutabiriwa kabla hakijaanguka. Na kikaanguka pale pale, saa 20 hivi baada ya kuonekana. Miezi miwili baadaye Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na mtaalamu wa vimondo Peter Jenniskens walikwenda na wanafunzi, wakajipanga mstari mmoja jangwani, mtu na nafasi yake, wakatembea wakitazama chini. Mstari kama ule tunaupanga sisi tukitafuta bikoni zilizofukiwa. Wakaokota vipande vyeusi kwenye mchanga wa rangi ya maziwa, mamia ya vipande. Walivipa jina la stesheni ya reli iliyokuwa jirani, Almahata Sitta. Hiyo "sitta" ni sita yetu hii hii: Stesheni ya Sita.

Wakati ule saa 20 zilitosha kwa sababu jiwe lilikuwa dogo na lilitoka upande wa usiku.

Shangazi hakuwa amemaliza. Mei nilikwenda Iyumbu kumwangalizia pembe za msingi, akanikalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa juu chini, akanipa soda, akauliza alichokuwa amekiweka moyoni: "Haya, wameliona. Wanalifanyaje?"

Nikamwambia wameshajaribu. Septemba 2022 chombo cha DART kilikwenda kukigonga makusudi kijiwe cha mita 160 kiitwacho Dimorphos, kinacholizunguka jiwe jingine kubwa zaidi. Kabla ya hapo kilichukua saa 11 na dakika 55 kuzunguka. Baada ya kugongwa kikachukua saa 11 na dakika 23. Ni kusukuma kidogo tu. Lakini ukisukuma miaka kumi mapema, kidogo kile kinakua njiani.

"Kama sentimita yako ya yule mstaafu," akasema. Familia haisahau.

Nikamwambia pia kuhusu Apophis, maana niliona ni haki apate habari njema baada ya miezi mitatu ya kumtisha. Usiku wa Ijumaa, 13 Aprili 2029, jiwe lenye upana wa mita zaidi ya 300 litapita kilomita 32,000 tu kutoka juu ya ardhi, karibu kuliko setilaiti zinazorusha picha kwenye madishi yetu. Halitagonga, njia yake imepimwa hadi kwa rada na imeondolewa hofu kwa miaka mia moja. Litaonekana kwa macho matupu, bila darubini, na Afrika imo katika sehemu zitakazoliona. Litavuka Bahari ya Hindi, lipite juu ya bara hili, na kufikia Atlantiki litakapokuwa karibu zaidi, saa yetu sita na dakika 46 usiku. Kama nyota inayotembea, nikasema.

Nikamwambia nimeshachagua mahali. Kule Bahi, pale dungu lilipokuwa. Nilipita mwaka huu na mashine nikasimama dakika chache. Upeo uko wazi pande zote isipokuwa mbuyu mmoja, na nguzo mbili za dungu bado zimo ardhini, zimeliwa na mchwa hadi magotini.

Akanywa soda yake taratibu. "Aprili," akasema. "Na mvua ikiwepo siku hiyo?"

"Basi hatutaliona."

Akatazama kokoto zake, mchanga wake, na lile wingu moja dogo lililokuwa limesimama juu ya Iyumbu bila nia yoyote.

"Mvua ya Aprili, huku kwetu," akasema, "siwezi kuiombea isije kwa sababu ya jiwe."